Kabla ya kutangaza aina mpya ya seli

Kwa mnaochambua data ya RNA (nakala za jeni zinazofanya kazi) ya seli mojamoja za ubongo wa kijusi hapo Kisumu na Maseno: msiamini rangi za mchoro unaopanga seli katika makundi kabla ya kukagua jeni zenyewe. PAX6 huonyesha seli mama zinazogawanyika. EOMES, zile za kati, zilizo njiani kuwa nyuroni. NEUROD2, nyuroni za kusisimua. GAD1, za kuzuia. Kundi lenye NEUROD2 na GAD1 kwa pamoja mara nyingi ni seli mbili zilizonaswa katika tone moja la kifaa kinachopaswa kunasa seli mojamoja. Liondoe kabla hujaanza kushangilia.

FOS na JUN, jeni za mshtuko, zikipanda kila mahali, shuku kimeng'enya cha kutenganishia seli: kutenganisha tishu kwa nyuzi 37 huzishtua seli. Tishu iliyogandishwa haitoi seli nzima, kwa hivyo toa viini vya seli, kwenye barafu. Stima ikipotea sampuli ikayeyuka, RNA huoza. Kuigandisha tena hakuirudishi.