Mistari tu

Tangu Jumatatu neno moja linanirudia kichwani: "tu".

Nilimtumia mama picha ya ukurasa mmoja wa kitabu cha kazi za mchoraji wa India, Nasreen Mohamedi, kile cha maktaba ambacho mmeshachoka kunisikia nikikitaja. Karatasi nyeupe, na juu yake mistari ya wino na penseli, myembamba kama unywele, inakaribiana kisha inaachana mpaka unadhani karatasi inapumua. Mama akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mbona mistari tu, mwanangu? Rangi hakuna huko?"

Nimeisikiliza ile sauti zaidi ya mara kumi. Hakusema kwa kebehi, mama hana tabia hiyo, na ndiyo maana ikauma. Ameshona mikeka mingapi ili mimi nije kusoma huku India, halafu nampelekea mistari.

Nikaanza kumwandikia. Kwamba Nasreen alizaliwa Karachi 1937, akasoma London, akafundisha hapahapa Baroda kuanzia 1972, akafariki 1990. Kwamba wachoraji wengi wa hapa walikuwa wakichora watu na mitaa yao, yeye akaondoa kimoja kimoja mpaka ikabaki rula, kalamu na karatasi. Kwamba kazi zake nyingi hakuzipa jina wala tarehe. Nikafuta yote. Yalisomeka kama majibu ya mtihani.

Tathmini ya muhula imepita salama, mwenzangu wa chumbani kahama, na dada kajifungua mtoto wa kike, alhamdulillahi.

Jana usiku mama akapiga mwenyewe. Salamu, habari za mzazi na mtoto, halafu ghafla: "Yule bibi wa mistari, kaanza upande gani?"

Nikamuuliza kwa nini.

"Ukili ukiuanza vibaya, chane moja ikilegea, mkeka mzima unakwenda pogo. Wake haukwenda pogo. Mkono umetulia yule."

Nikakaa kitandani. Miaka miwili nazikodolea macho kazi hizi, sijawahi kujiuliza alianza upande gani! Nikamweleza basi kwamba Nasreen alikuwa akipiga picha za nyuzi za mtande kwenye kitanda cha mfumi, picha ambazo uhai wake wote hakuzitoa hadharani. Nikamweleza na maradhi: mishipa ya fahamu ilimharibikia, miaka ya mwisho viungo vikawa havimtii, na bado akiinamia karatasi mstari unatoka umenyooka.

Mama akanyamaza. Nikadhani simu imekatika.

"Na vifungo vya nguo, alikuwa akifungwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nimelala na swali hilo. Leo asubuhi nimekaa mezani kabla ya chai, nikapiga mstari mmoja kuanzia kushoto, polepole, nikaushusha mkono. Kisha nikapiga mwingine kuanzia kulia. Haifanani. Nimeipiga picha nikamtumia mama, nasubiri aamke.

Mwenye nyumba hajapokea kodi yangu ya mwezi huu. Kasema nisubiri mwanawe aje. Mara ya mwisho kijana yule alipokuja, wapangaji wa juu walihama wiki hiyohiyo.