Nilivyorudi kwenye mizani

Kabla sijaugua nilikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika wilayani Tandahimba, kazi niliyoifanya kwa misimu sita. Kwa asiyeijua biashara ya korosho, tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze huku Mtwara mwaka 2007 mkulima hamuuzii mnunuzi moja kwa moja, bali hupeleka korosho zake chamani, zikapimwa na kuandikiwa stakabadhi, kisha husafirishwa hadi ghala kuu kusubiri mnada. Uzito ukionekana kupungua huko mbele, iwe kwa unyaufu au kwa uzembe, mzozo hurudi chamani na mtu wa kwanza kuulizwa ni karani wa mizani.

Ugonjwa wangu uliingia kwa mlango huohuo. Msimu ulipopamba moto, mwezi wa 11, usingizi wangu ulikuwa wa saa mbili au tatu tu kwa usiku mzima, halafu nikaacha kulala kabisa. Nikaanza kuwasikia wanaume wawili wakibishana ndani ya ghala kuhusu kilo nilizowaibia wakulima, ilhali ghala lilikuwa limefungwa na ufunguo nilikuwa nao mimi. Alfajiri moja nilikutwa nimeyatoa magunia yaliyokwisha kushonwa, nimeyafumua midomo na ninayapima upya, moja baada ya jingine. Waliofika kwanza walidhani ni wizi, na walipogundua kuwa si wizi ndipo walipoogopa zaidi.

Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, na mjomba wangu alinipeleka kwa mganga upande wa Newala, nilikokaa majuma matatu. Sina kinyongo naye hata kidogo, kwa kuwa aliuza mbuzi wawili kwa ajili yangu na alifanya alichokijua. Aliyebadili mambo ni mama mmoja wa kitongoji chetu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye hakuja kwangu wala hakumsema vibaya mganga. Alikwenda kwa mjomba, akaamkia, akaketi, wakazungumza habari za mashamba, na mwishoni kabisa akamwambia: "Shikamoo tena, mzee wangu. Mganga simkatazi. Ninakuomba siku moja tu ya hospitali." Mjomba alimpa siku hiyo moja.

Hospitali waliutaja ugonjwa kuwa ni skizofrenia, ugonjwa sugu wa akili, wakanianzishia vidonge vya haloperidoli na baadaye sindano ya flufenazini ya kila mwezi. Sauti zilififia ndani ya majuma machache, lakini mwili ulikakamaa, taya likawa zito, mikono ikatetemeka, nikawa natembea kama mtu aliyejitwisha mtungi uliojaa maji. Ilipofika miezi minne, kwa kuwa nilijiona mzima na nilichoka kukakamaa, niliacha dawa bila kumwambia mtu. Haikuchukua muda nikarudi nilikotoka. Safari ya pili muuguzi wa afya ya akili alinieleza jambo ambalo pengine aliwahi kulisema na sikulisikia: kukakamaa kule kuna vidonge vyake, na dozi inaweza kupunguzwa, ila ni lazima mgonjwa aseme.

Magonjwa sugu ya akili yamo katika huduma zenye msamaha wa malipo kwenye vituo vya serikali. Hata hivyo msamaha haujazi rafu iliyokwisha dawa, na dereva wa pikipiki haujui. Kwa sababu hiyo sisi tuliokutana siku za kliniki, wagonjwa na ndugu zao kutoka vijiji vitatu, tulianza kukutana chini ya mwembe mmoja na kuchanga kidogo kidogo mfuko wa nauli. Dawa zikikosekana, mmoja wetu hutumwa mjini na vyeti vya wote, akanunua kwa wote. Tulikubaliana pia kwamba kila mgonjwa amweleze jirani mmoja dalili zake za mwanzo. Zangu ni mbili: kukosa usingizi usiku wa pili mfululizo, na kuhesabu vitu visivyohitaji kuhesabiwa. Jirani yangu bado huniuliza kila asubuhi kama nimelala, na siku nyingine swali hilo huniudhi.

Kazi ya kwanza niliyopewa haikuwa ya chama. Kikundi cha akina mama wanaobangua korosho kijijini kilinikubali, ingawa mikono yangu haikufaa kwa mashine ya mkono: nilivunja kokwa nyingi, na kokwa iliyovunjika bei yake ni ndogo, tena mafuta ya ganda yaliniunguza vidole kwa kukosa uangalifu. Mwenyekiti alinitazama siku mbili, siku ya tatu akaniambia: "Mwanangu, mikono yako bado, lakini macho yako mazima. Kaa hapa uchambue." Nikawa mchambuzi, nzima huku, nusu kule, vipande kwenye ungo wake, kwa miezi saba. Malipo yalikuwa madogo, nami sijapata kuhesabu fedha kwa furaha kama zile.

Kurudi chamani kulikuwa vita. Katika mkutano wa wanachama mzee mmoja alisimama akauliza kwa sauti ya upole, ambayo iliniuma kuliko matusi, kama ni haki jasho la mwaka mzima lipimwe na mtu aliyewahi kuyafumua magunia usiku. Sikuwa na jibu, na kusema kweli swali lilikuwa halali. Mjomba alisimama akasema hataomba nirudishiwe mizani, anaomba nirudishiwe sindano ya kushonea magunia. Wanachama wakacheka, wakakubali. Nilishona midomo ya magunia mwanzo wa msimu ule, kisha nikaandika stakabadhi huku mwingine akisoma mizani, na msimu uliofuata nikasoma mizani mwenyewe kwa sharti kwamba mwenzangu arudie kila namba kwa sauti kabla haijaandikwa. Zamu za usiku nilifutiwa, na siku ya sindano yangu ya hospitali ni ruhusa bila maswali.

Sharti la kurudiwa namba lilinikasirisha sana. Nililiona kama kufungwa kamba mbele ya watu. Lakini ikumbukwe kuwa sauti zangu zilikuwa zikibishania kilo, na kwa miaka miwili kila nilipoitazama namba nilisikia shaka ikinong'ona nyuma yake. Sasa nilisema "sabini na sita" na mtu wa kweli, mwenye jasho na harufu ya tumbaku, akajibu "sabini na sita". Nilikuwa na kitu cha kulinganisha. Siku sharti lilipoondolewa nilimwomba mwenzangu tuendelee nalo, naye, ambaye hajui sababu, alifikiri ninamtania.

Siku ya kwanza ya msimu uliopita yule mzee wa mkutanoni alileta gunia lake, akasimama karibu na mizani kuliko inavyoruhusiwa. Nikaandika kilo 63.

"Nyumbani nilipima, ilikuwa 64," akasema.

"Ndiyo, babu. Kilo moja ni ya gunia lenyewe, huwa tunaitoa."

Akachovya dole gumba kwenye wino, akaweka alama yake, akaikunja stakabadhi polepole. Alisema hilo alilijua, alitaka kuona kama na mimi bado ninalijua.