Harufu ya korona
Jana nilikuwa Hale, mkoani Tanga, kumsalimia shangazi. Ukikaribia korona, kule mkonge unakokamuliwa, pua ndiyo inayopokewa kwanza. Katika jani zima, singa, yaani nyuzi za mkonge, ni kama asilimia 4 tu. Kilichobaki ni maji na makapi ya kijani yaliyochacha, yanakunata mpaka kwenye ndala. Yakirundikwa yaoze hutoa methani, gesi inayopasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100. Yakifungiwa kwenye tangi lisilopitisha hewa, gesi hiyohiyo inazungusha jenereta. Na Hale walishaijaribu, umeme wa makapi ya mkonge!

Nikamweleza shangazi. Akacheka: “Na sisi miaka yote tunaziba pua!” Akarudi kupuliza jiko lake la mkaa.