Barabara ikifungwa, usipige hesabu yote upya
Mvua kubwa ikinyesha Dar es Salaam, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani. Programu yetu ya kupangia bodaboda za mizigo ilikuwa inaendesha Dijkstra nzima (algoriti inayotafuta njia fupi kutoka sehemu moja hadi nyingine zote) kutoka ghalani kila kipande cha barabara kilipobadilika. Seva ilihema.

Sasa kila nodi, yaani makutano ya barabara kwenye ramani, inahifadhi umbali wake kutoka ghalani na mzazi wake, yaani nodi inayoitangulia kwenye njia fupi. Kipande kilichofungwa kama hakimo kwenye mti wa njia fupi (vipande vyote vinavyounganisha nodi na mzazi wake), hakuna cha kufanya. Kama kimo, inayoathirika ni nodi ambayo kinaielekea pamoja na wazao wake (nodi ambazo njia zao fupi hupitia kwake), basi.

Mtego uko hapa. Ukitafuta tu jirani mwenye njia fupi, huenda jirani huyo ni mzao wa nodi hiyohiyo: kila mmoja anamtegemea mwenzake, na umbali unapanda kidogokidogo bila maana. Kwa hiyo kwanza wote walioathirika wape umbali usio na kikomo. Kisha kila mmoja aulize jirani ambaye hakuguswa, aingie kwenye foleni ya kipaumbele (inayomtoa kwanza aliye karibu zaidi na ghala), na Dijkstra iendelee kwa hao peke yao. Ramalingam na Reps walichapisha algoriti ya aina hii mwaka 1996.

Barabara ikifunguliwa kazi ni nyepesi: sambaza nafuu, yaani umbali uliopungua, kuanzia hapo mpaka iishe.

Ila kipande kikiwa karibu na ghala, wazao ni karibu mji mzima. Hapo naiacha Dijkstra ianze upya.