Siku moja na babu wa Kagera, simu yangu na mashine ya kusaga

Saa 11 alfajiri. Kabla ya mswaki nashika simu: chaji ipo? Nafasi ipo? Nafuta video za harusi ya shemeji (asijue) nipate nafasi ya kumrekodi kwa saa tatu mzee aliyekwenda Vita vya Kagera.

Saa 1:15 niko shuleni, hapa Missenyi. Mimi ndiye mwalimu wa zamu. Wachelewaji, usafi, mstarini, vipindi viwili, madaftari 64.

Saa 5, Kidato cha Nne, Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Idi Amin wa Uganda. Nauliza nani anakumbuka maneno ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978. Darasa zima linaitikia kama kwaya: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Vizuri. Nani ana babu aliyekwenda? Kimya. Kisha binti mmoja wa nyuma: “Babu yangu ana picha amevaa gwanda, ila hasemi.”

Namjua babu yake. Nimeshamfuata mara mbili. Mara ya kwanza tuliongea migomba, ya pili bei ya kahawa. Watu hudhani kazi hii ni kuuliza maswali. Nyingi ni kukaa kwenye mkeka ukitafuna kahawa uliyokaribishwa, huulizi kitu.

Saa 9 bodaboda inanivusha mto pale Kyaka, mahali ambapo askari wa Amin walilipua daraja mwaka ule, na vijana wetu wakaja kuvuka kwa daraja la muda. Dereva, mtoto wa juzi, ananiambia alidhani daraja lilibomolewa na mafuriko.

Nafika. “Shikamoo babu.” “Marahaba, mwalimu.” Kabla sijakaa, mwanawe anatoka ndani: hizo karatasi ni za kiinua mgongo? Namweleza kwamba ni daftari, mimi nafundisha historia. Anauliza tena kwa njia nyingine. Jirani kasikia, anakuja na mfuko wa nailoni, ndani mna karatasi zilizokunjwa mpaka zimekatika. Anakuja wa pili. Wa tatu kamleta mama yake, mjane. Kila mmoja anataka niandike jina lake, na kila mmoja namwambia kuliandika kwangu hakutamletea shilingi. Wananitazama kama tapeli mvivu. Na siwalaumu, ningekuwa mimi, mtu mwenye kalamu ningemwona hivyohivyo. Namsomea mjane karatasi zake zote, polepole, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsomea. Saa nzima imekwenda.

Ndipo babu, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, anaanza. Alikuwa mgambo. Alipewa viatu vikubwa, akavijaza majani ya migomba. Mutukula, Masaka, kwa miguu, mvua. Nasubiri Kampala, Aprili 1979, ambayo ndiyo wanafunzi wangu huijibia mtihani. Yeye anaipita kwa neno moja, “tukaingia,” na kurudi kwenye kopo la chakula alilokuwa akila na rafiki yake mmoja, zamu kwa zamu, kijiko kimoja.

Hapo mashine ya kusaga inawaka.

Iko nyuma ya nyumba, na inaunguruma kama lori lililokwama kwenye tope. Nakimbia kumwomba msagaji dakika kumi tu. “Mwalimu,” ananijibu, unga mpaka kwenye kope, “vita viliisha zamani. Hawa wana njaa leo.” Foleni yote inacheka. Narudi, namwomba babu tuhamie ndani. Hataki, anasemea hapohapo alipokaa. Mtu aliyenyamaza miaka zaidi ya arobaini humkatizi kwa sababu ya unga. Namsogezea simu karibu na kidevu, mkono unakufa ganzi, naye anaongea, anaongea, macho yako kwenye migomba, mpaka giza.

Nyumbani sijui ni saa ngapi, watoto wamelala. Ugali umepoa. Navaa spika za masikioni na kuandika neno kwa neno. Saa moja ya sauti hunila usiku kucha, na kesho nina zamu tena. Viatu nimevipata. Mvua nimeipata. Kopo na kijiko, nimepata. Kisha anataja jina la rafiki yake na mahali walipomzika, na mashine inameza vyote viwili. Nairudisha mara saba. Ni unga mtupu.

Jumapili huwa hawasagi. Nitakwenda Jumapili.