Nilimtangulia Mama Kujibu

Jumamosi iliyopita, katikati ya wimbo wa kufungulia ibada, mjukuu wangu alinivuta sketi. "Kukhu, mdomo wako unaimba, lakini sauti yako iko wapi?" Watu wa benchi la mbele wakageuka. Nikamwambia ashike kitabu vizuri. Tulipofika nyumbani akauliza tena, sahani ya chakula mkononi, mbele ya wajomba zake, nikamwambia nitamweleza akikua. Ana miaka tisa. Mimi nilikuwa na kumi na mmoja.

Sauti ninayo. Anayenisikia jioni nikiwaita watoto warudi nyumbani anaijua. Ila wimbo wa kanisani ukianza tu, koo hujifunga, ikatoka pumzi peke yake. Ndivyo nilivyofundishwa. Tulikuita kuimba kwa pumzi. Unalitamka kila neno, unapanda na kushuka pamoja na wenzako, lakini mtu aliye nyuma ya ukuta asipate kitu. Watu kumi na wawili wakiimba hivyo ndani ya chumba kimoja, ni kama upepo unaopita kwenye migomba. Nimeimba katika kwaya tatu tangu wakati huo na sijasikia tena uimbaji mzuri kama ule.

Hiyo ilikuwa Tororo, kwenye nyumba za reli. Septemba 1977, wakati wa utawala wa Idi Amin, redio ilitangaza kwamba madhehebu na vikundi 27 vya dini vimepigwa marufuku nchini Uganda. Wabaptisti walikuwamo, Jeshi la Wokovu, Wapentekoste, na sisi Waadventista Wasabato. Walioachwa ni Waislamu, Wakatoliki, Waorthodoksi, na Kanisa la Uganda, ambalo huko kwetu kila mtu aliliita Protestanti. Kanisa letu, kachumba ka mabati nyuma ya soko, likatiwa kufuli. Miezi miwili baadaye tuliona mifuko ya simenti ikiingizwa humo.

Mama aliishika Sabato kwelikweli, hakuna kazi tangu Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama. Ijumaa, jua likiwa bado liko juu ya mwamba wa Tororo, chakula cha kesho kilikuwa kimeshapikwa, nguo zimepigwa pasi, mapipa yamejaa maji. Sasa ndiyo ikawa shida. Katika safu ile ya nyumba, ambako mlango unatazama mlango, familia isiyowasha sigiri Jumamosi, isiyofua, isiyoenda sokoni, ilikuwa imejitangaza yenyewe. Basi mama akaanza kuwasha sigiri asubuhi na kuteleka sufuria ya maji matupu, moshi uonekane. Akachukua nguo safi zilizofuliwa Alhamisi, akazilowesha, akaniambia nizikamue na kuzianika. "Hii si kazi," aliniambia, "ni pazia." Jioni yake nilimkuta jikoni amepiga magoti peke yake karibu na ile sigiri iliyozimika, na akakaa hapo muda mrefu sana.

Baba hakuwa mshiriki. Alikuwa mtu wa stesheni, mwoga wa kupoteza kazi, tena alikuwa na sababu. Jumamosi alitoka mapema na kurudi usiku, ili akiulizwa aseme hajui. Ibada ilikuwa kwetu kwa sababu nyumba yetu ilikuwa ya mwisho, inapakana na reli, na kwa sababu jirani yetu wa ukuta mmoja, mama Mwislamu aliyeuza maandazi, alikuwa amemwambia mama waziwazi: "Ombeni. Mimi masikio yangu yanauma siku hiyo." Mungu amrehemu mama yule.

Kazi yangu ilikuwa ulinzi. Nilikaa nje na beseni la nguo, macho kwenye bomba la maji, maana mgeni yeyote alipitia hapo. Nikimwona nisiyemjua, niliangushe beseni kwenye sakafu ya simenti. Mlio wake ungetosha. Biblia zingeingia chini ya mkeka, mama angekalia cherehani, wengine wangeanza kupima nguo.

Jumamosi moja ya Machi 1978 mwanajeshi hakupitia bombani. Alikuja kwa kufuata reli, akatokea nyuma yangu. "Jambo, mtoto."

Hapa lazima niseme jambo ambalo waliokulia Kenya au Tanzania huenda wasilipate upesi. Uganda ya siku zile, Kiswahili kilikuwa lugha ya bunduki. Jirani zetu wakikisikia usiku walizima taa. Kwetu kilikuwa lugha ya nyumbani. Mama alikuwa Mteso, baba Msamia, Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Ndicho nilichobembelezewa, ndicho nilichojifunzia Baba Yetu. Kwa hiyo mtu aliponisalimu kwa Kiswahili, tena kwa upole, mwili wangu haukushtuka. Ulifungua. Nikageuka, nikamjibu "Sijambo, shikamoo" kama nilivyolelewa. Beseni lilikuwa mikononi mwangu, na sikuliangusha. Nilipoona ile bunduki, yeye alikuwa ameshaingia ndani.

Wimbo ulikatika. Nilimfuata hadi mlangoni, sijui kwa nini, beseni bado nimelikumbatia, maji yakinitiririkia miguuni. Chumba kilikuwa na giza la pazia. Nakumbuka kofia ya mzee wa kanisa ikiwa juu ya goti lake. Nakumbuka mwanga wa mlangoni ukikata chumba katikati, vumbi likielea ndani yake, na kivuli cha yule mtu kikilala juu ya kitambaa cha maua kwenye meza. Hakupiga kelele. Aligonga meza mara moja kwa mtutu, kopo la vifungo vya mama likaruka, vifungo vikamwagika na kuviringika kila upande. Kimoja kilikuja hadi kwenye kidole changu cha mguu. Cheupe, cha matundu manne.

"Nyinyi iko dini gani?"

Kulikuwa na neno moja, na kila mtu mle ndani alilijua. Protestanti. Ukilisema, hiki kinakuwa kikao cha sala cha watu wa dini iliyoruhusiwa, kila mtu anakwenda kwake. Wala halikuwa neno la mbali. Mama mwenyewe alibatizwa huko akiwa mtoto mchanga. Na lilikuwa neno zito, kwa maana wale walioruhusiwa walikuwa wenyewe na msiba. Februari 16, mwaka uliotangulia, Askofu Mkuu wao Janani Luwum alikuwa ameuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, na huyo wa mwisho alikuwa mtu wa upande wetu huu wa Tororo. Redio ilisema ajali ya gari. Hakuna mtu mzima niliyemsikia akiamini. Leo tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa Uganda, watu hupumzika. Siku ile sisi tulikuwa tunalitazama jina la kanisa lao kama mtu anayetazama shuka la mfiwa na kujiuliza kama anaweza kujifunika.

Hakuna aliyejibu. Yule mwanajeshi akageuka, akaniona mlangoni.

"Wewe. Mtoto hapana danganya. Nyinyi iko dini gani?"

Nilimtazama mama. Alikuwa kwenye kigoda kando ya cherehani, mdogo wangu amemlalia mapajani. Na hiki ndicho nilichokiona, ambacho nimekirudia maisha yangu yote: mdomo wake ulikuwa umeanza kufunguka. Midomo imeachana. Pumzi ameshavuta, kifua kimepanda, kama mtu anayeanza ubeti. Alikuwa anataka kusema. Nikamtangulia.

"Protestanti."

Nilisema kwa sauti kubwa. Ilikuwa sauti kubwa ya kwanza ndani ya chumba kile siku ya Sabato kwa miezi sita.

Mdomo wa mama ukafunga. Yule mtu akamwuliza, "Kweli?" Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, si kwa hasira, ila kama mtu anayehesabu kitu, kisha akasema, "Mtoto ameshasema."

Ndipo mzee wa kanisa akasimama, kofia mkononi. "Mtoto anasema ya kwao. Mimi ni mgeni hapa, nimekuja kuomba. Mimi ni Msabato." Fundi seremala akasimama nyuma yake, halafu binti mmoja mwalimu ambaye hata harusi yake ilikuwa imepangwa mwezi uliofuata. Wengine walibaki wameketi. Nami sitawahukumu, maana waliketi juu ya jibu langu.

Waliondoka watatu. Mzee alitaka kuvaa viatu vyake mlangoni, akakatazwa. Akatembea pekupeku juu ya kokoto za reli.

Walirudi baada ya siku kumi na saba. Walichofanyiwa ni chao kusimulia, nao hawakukisimulia. Vidole viwili vya mkono wa kuume wa mzee havikukunja tena, ikawa mtu humfungulia kurasa za Biblia. Harusi ya binti haikufungwa. Baba alituhamishia Busia, kwa ndugu zake, kabla mvua hazijaisha. Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, utawala wa Amin ukaanguka na milango ikafunguliwa.

Viatu vya mzee tulihama navyo. Kila Ijumaa, kabla jua halijazama, nilivipaka rangi na kuving'arisha kwa kitambaa, na hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Tuliporudi Tororo kuliona kanisa likifagiliwa vumbi la simenti, nilimkabidhi. Alivigeuza, akatazama soli, akaniwekea mkono kichwani. "Vimetunzwa," akasema. Siku hiyo aliimba kwa nguvu hadi mishipa ya shingo ikasimama. Wote waliimba hivyo, kama watu wanaolipa deni. Mama pembeni yangu aliimba kwa pumzi. Aliimba hivyo hadi tulipomzika.

Nilimwuliza mara moja tu. Ilikuwa 1996, mimi tayari mama wa watoto watatu, tunachambua maharagwe uani. "Mama, siku ile, ulikuwa unataka kusema nini?" Hakuniuliza siku ipi. Akaendelea kuokota mawe kwa muda, anayatupa kando moja moja.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Basi," akasema. Halafu akasema mvua inakuja, tuingize ungo.

Hilo "basi" nimelibeba. Kuna miaka nililisikia kama msamaha: ulikuwa mtoto, imekwisha. Nilipozaa kitinda mimba wangu nililisikia vingine, kwamba angesema "Msabato" na angekwenda pekupeku kwenye kokoto zile, na nilimnyang'anya kitu ambacho alikuwa tayari kumpa Bwana wake. Au alikuwa anakwenda kusema "Protestanti" yeye mwenyewe, kwa ajili ya mtoto mapajani, na mimi nilimbebea dhambi yake bila kujua. Mhubiri akifika kwenye habari za Petro na jogoo, mimi hutazama chini. Petro alilia kwa uchungu, lakini Petro alikuwa anajua amekana nini. Sisi hatukumkana Kristo. Tulilikana jina tu, siku tu, kikao tu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kwa miaka mingi. Kisha naukumbuka mkono wa mzee.

Juzi Ijumaa, kabla ya kufungua Sabato, yule mtoto alikuwa ameketi kizingitini akipaka viatu vyake rangi na kuimba sauti yote, wa nyumba ya tatu anasikia, tena ameukosea ubeti wa pili. Nilikaa karibu naye nikachukua kiatu cha kushoto. Tulipofika kwenye kiitikio nilivuta pumzi, nikafungua mdomo.

Akanyamaza. Brashi mkononi, akawa ananitazama midomo, anasubiri.