Hodi ya gesti

Jamani, Mbeya hii ya Julai! Nimejikunyata ndani ya mablanketi mawili, kanga tu mwilini, mara nasikia "hodi" na kitasa kinazunguka papo hapo. Dada wa usafi huyo ndani, ndoo mkononi, ufunguo wa akiba umening'inia mlangoni.

"Samahani dada, nilijua umeshatoka."

Ungejuaje bila kusubiri kuitikiwa? Ila sina ugomvi naye, anakimbizana na vyumba kabla ya saa nne. Wa kulaumiwa ni meneja: mlango hauna hata komeo la ndani. Nilipomfuata mapokezi akacheka, eti "hapa ni kama nyumbani." Nyumbani kwa nani? Bosi, Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi ya mtu. Nunua makomeo, Mwanjelwa yamejaa.